Kikao cha Dharura Kuhusu Ukelele wa Bwana Lunde

CHAMA CHA WAPIKA BIA WA BONDE LA SKORVEDAL
Tarehe: 14 Novemba 2019
Mahali: Ukumbi wa Vijana, Skorvedal

Waliohudhuria: Torgeir Haugsbø (Mwenyekiti), Sjur Bidne, Bibi Gudveig Tveito, Ragnhild Kvåle (Katibu)
Asiyehudhuria: Vebjørn Lunde, mwanachama mpya (yuko hospitali)

KUMB. NA. 1/11/2019: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa 12:10 jioni. Bia aliyoleta Bwana Bidne iliwekwa chini ya meza na haikuguswa.

KUMB. NA. 2/11/2019: TUKIO LA JUMAMOSI
Mwenyekiti alieleza kwamba Bwana Lunde alihamia hapa kutoka Oslo mwaka huu, akaomba kufundishwa kupika bia, na kamati ikamfundisha. Aliambiwa pia kwamba anayetia hamira hupiga ukelele ili bia ipate nguvu, na majirani huitikia.

Bibi Tveito alitaka iandikwe kwamba desturi ni ukelele mmoja, na kwamba kupiga mara tatu huku mlango uko wazi ni nyongeza ya Mwenyekiti, "ili tupate cha kucheka." Mwenyekiti alisema hakuwa na nia mbaya. Bibi Tveito alisema hakuna aliyemuuliza nia yake.

Ilikumbushwa kwamba Jumamosi kamati yote, pamoja na Katibu, ilikuwa kwa Mwenyekiti ikionja bia. Ukelele ulisikika kutoka kwa Bwana Lunde, ng'ambo ya kijito. Kamati ilitoka hadi barazani, ikainua vikombe na kuitikia. Ukelele ulirudiwa. Kamati iliitikia tena, kisha ikarudi ndani kwa vicheko. Bwana Lunde alikuwa amemwagikiwa na sufuria ya maji ya kimea yanayochemka. Mkewe alimkuta sakafuni aliporudi kutoka kazini. Miguu yote miwili imeungua.

KUMB. NA. 3/11/2019: BARUA KWA FAMILIA
Mwenyekiti alisoma rasimu: "Kwa sababu ya kelele za kijito, hakuna aliyesikia." Bwana Bidne aliunga mkono.

Bibi Tveito alisema: "Torgeir mwanangu, kijito kimeganda wiki nzima. Barafu inapiga kelele gani?"

Kisha akauliza kama Jumamosi kuna aliyeuona moshi kwa Bwana Lunde. Bwana Bidne alikiri kwamba moshi ulikuwa bado unatoka, na kila mpika bia anajua hamira haitiwi wakati moto bado unawaka, mpaka maji yapoe. "Nikasema moyoni, huyu wa mjini kakosea tena. Ndiyo nikazidi kucheka." Katibu naye aliuona moshi. Mwenyekiti alisema hata hivyo rasimu ibaki ilivyo, kwa ajili ya ujirani mwema.

KUMB. NA. 4/11/2019: KUFIKA KWA BIBI INGELIN LUNDE
Mke wa Bwana Lunde alifika kurudisha chupa ya hamira ya chama, kwa kuwa mumewe alihofia itakufa na watu wakose bia ya Krismasi. Alikaribishwa kiti, akakataa. Mwenyekiti alimweleza habari za kijito. Bibi Lunde alimwacha amalize.

Ndipo akasema: "Aliwasikia, Bwana Torgeir. Alikuwa anatambaa kwenda mlangoni. Mlipoitikia akaacha kutambaa, akalala hapo hapo awasubiri. Alijua mnakuja."

Mwenyekiti alikunja rasimu akaitia mfukoni. Alisema anaona haya, na kwamba kamati nzima inaona haya. Hakuna aliyepinga. Alipomwomba Katibu maneno ya mama huyo yasiandikwe, Katibu alijibu kwamba yataandikwa.

Bwana Bidne aliuliza kama wanaweza kwenda kumwona mgonjwa Jumapili. Bibi Lunde alijibu kwamba itabidi amuulize mwenyewe kwanza, maana siku hizi akisikia watu wanacheka nje huomba mlango wa wodi ufungwe. Aliaga na kuondoka.

KUMB. NA. 5/11/2019: AZIMIO
Iliazimiwa kwamba kila asikiaye ukelele aende kuangalia. Bibi Tveito alisema hilo si azimio jipya: "Enzi za mama yangu mtu aliitikia huku anavaa viatu."

KUFUNGA KIKAO
Hapakuwa na mengineyo. Kikao kilifungwa saa 1:05 usiku. Wajumbe walitoka mmoja mmoja.

Mwenyekiti: T. Haugsbø (amesaini bila masahihisho)
Katibu: R. Kvåle