Elispeti wa Akalla

Akalla, Stockholm
Jumapili jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimeketi jikoni, mtoto amelala begani, naandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Goti lako linaendeleaje? Dada Njoki aliniambia bado unapanda hadi kanisa la misheni kwa miguu, na ukiambiwa uchukue pikipiki unasema hujazeeka kiasi hicho. Baba naye, kikohozi kimemwachia? Sisi ni wazima. Baridi imeanza kuuma na giza linaingia kabla Neema hajatoka shule, lakini nyumba zao wanazipasha moto vizuri, hatuteseki.

Naandika Kiswahili badala ya lugha yetu ili Elia naye asome kabla sijafunga bahasha, asije akasema nimemsengenya kwa mama mkwe. Na naandika barua kwa sababu simu zangu hushiki. Kila nikipiga, Njoki ananiambia uko shambani, au umelala, au unafuma. Mama, hakuna mtu anayefuma usiku na mchana. Najua una hasira na mimi, na hasira hiyo ni haki yako.

Hebu nikueleze sherehe ya mtoto ilivyokuwa, maana wewe uliona kipande tu kwenye simu ya Njoki. Tulikodi ukumbi hapa hapa Akalla. Walikuja Waganda, Wakongo, Warundi, ndugu zake Elia wa Tanzania, na Wakenya wenzangu ambao kama kawaida walifika pilau likishapoa. Shughuli iliongozwa na Mzee Kato, Mganda mmoja aliyekimbilia huku zamani na ambaye siku hizi hakuna hafla inayokwenda bila yeye. Akaniomba nitaje jina la mtoto na asili yake. Ningelitaja na kuketi. Lakini mdomo wangu unaujua.

Nikasimama, nikaanza habari za Sista Elspeth, yule Mskoti wa misheni ambaye kwetu wanamtamka Elispeti. Nikasema jinsi alivyokuwa akisimama mlangoni mwa wodi na ndoo, mwanamke akija kujifungua avue mapambo yake yote ayatie humo, la sivyo haingii. Nikasema nyanya yangu, niliyepewa jina lake, aliingia na hereni zake akiwa katika uchungu, akatoka na masikio matupu mpaka akafa. Nikasema kwetu jina la Mzungu huyo limerithiwa kizazi baada ya kizazi, na mimi leo nimelikata. Mwanangu anaitwa Amara. Watu walipiga makofi, mama. Dada mmoja wa Kikongo alinikumbatia akasema, voilà, umetukomboa. Kichwa kilinivimba. Nikaenda kujipakulia sahani ya pili.

Na wala siwezi kusema sikujua utaratibu. Neema alipozaliwa sikusita hata kidogo. Binti wa kwanza ni wa mama yake Elia, na mama yake Elia akapata wajina wake siku hiyo hiyo, ingawa kwao Singida hata hawafuati mambo hayo yetu. Binti wa pili ni wako, aitwe Elispeti. Hilo nimelijua tangu utotoni, kama nilivyojua kwamba mimi ni wa nyanya Wanja, na ndiyo maana wewe, ukifurahi, huniita mama.

Ulipopiga simu baada ya kuiona ile video, hukunisalimu. Uliuliza, "Amara ni nani?"

Nikakujibu kwamba si mtu, ni jina tu, nimelipenda. Ukasema nimemwita mtoto kwa mtu asiyekuwepo. Hapo ndipo nilipoanza kukufundisha habari za wamisheni. Mimi, kukufundisha wewe, uliyezaliwa katika wodi ile. Uliniacha nimalize yote.

"Mama yangu alizililia hereni zake mbele yangu," ukasema. "Na ndiye aliyenipa jina hili, hakulazimishwa na mtu. Wewe umekasirika kumzidi mwenye masikio?"

Hukungoja nijibu.

"Jina hili nimelibeba maisha yangu yote, Wanja. Si la Sista tena. Ni langu."

Ukakata simu, na tangu hapo sauti yako sijaisikia.

Nimekuwa na muda mwingi wa kufikiri, maana niko likizo ya uzazi na mtoto huyu halali mpaka abebwe. Naona haya kwa yale niliyoyaacha pale ukumbini. Sikuwaambia kwamba ulikuja ukitanguliza miguu, na kwamba Sista huyo huyo wa ndoo alipiga magoti kando ya nyanya akikutoa polepole mpaka mkono ukamfa ganzi, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kwao Uskoti. Sikusema alikufunika kwa blanketi la kitanda chake mwenyewe. Sikusema kwamba aliwafundisha ukunga wasichana wa kwetu ambao wenyeji walisema hawafai hata kuchota maji, nao wakawafundisha wengine, na mmoja wao akakufundisha wewe. Mambo hayo yote niliyajua, ila hayakufaa kwa hotuba yangu.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni hili. Kule kwetu Elispeti wamejaa. Yupo wa kinu cha kusaga, yupo wa kwaya, yupo yule fundi cherehani mwenye maneno mengi. Siku zote nilidhani wote hao ni wa Sista. Juzi nikiwa naosha vyombo ndipo nilipojiuliza, Sista aliwajua wapi? Alipozikwa pale nyuma ya kanisa, hata mama zao walikuwa bado wadogo. Aliyewapokea duniani ni wewe. Mama zao walikuwa wakimshukuru mkunga wao. Basi nilisimama mbele ya watu nikidhani namkataa Mskoti, kumbe namkataa mama yangu mzazi, nikapigiwa makofi, nikashiba. Nisamehe, mama.

Usidhani nimeisamehe ile ndoo. Hereni za nyanya bado zinanikera na wanangu nitawasimulia. Nitawasimulia na blanketi pia.

Elia, ambaye hapendi ugomvi, alishauri tuliweke Elispeti katikati, kwa kuwa huku mtu anaruhusiwa majina mengi. Huku majina huandikishwa kwa watu wa kodi, hebu fikiria, na hatujapeleka bado. Nilikataa. Siwezi kukuchomeka katikati kama mgeni aliyekosa kiti. Halafu Njoki akaniletea maneno yako: mwambie asinipe jina langu kwa kunihurumia. Nikajiuliza kweli kama ni huruma.

Jibu nilipewa kliniki. Mtoto alichomwa sindano, akalia mpaka akabadilika rangi. Nikamkumbatia, nikaanza kumbembeleza, "Nyamaza, mama. Nyamaza, mama yangu." Neema, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, akaniuliza kwa Kiswidi hicho hicho kwa nini namwita mtoto mama. Sikuwa nimelipanga neno hilo. Lilitoka lenyewe, kwa sauti yako ile unayoniita mimi. Nikalia pale mbele ya nesi, naye akadhani naogopa sindano.

Si huruma, mama. Ni hamu. Nimeishi nchi hii miaka mingi bila kuwa na mtu wa kumwita hivyo uso kwa uso.

Kwa hiyo kesho tunapeleka jina. La kwanza ni Elispeti. Amara litafuata nyuma, maana lilishaandikwa kwenye keki na watu walishakula. Sikuombi ruhusa. Kwetu binti haombi ruhusa kumwita mama yake.

Barua hii anakuja nayo mwanafunzi mmoja wa mtaa wa Fisksätra anayerudi nyumbani kwa mapumziko, pamoja na nyuzi za sufu za kijivu. Kofia uliyoifuma inamtosha vizuri ila kichwa kinakua, na hicho ni kichwa chako. Nisalimie Baba na ng'ombe wake, dada Njoki aliyesimama katikati yetu bila kuchoka, shangazi wa kule ng'ambo ya mto, na Mchungaji, umwambie bado nasali.

Barua ikifika, shika simu. Kama hasira haijaisha, mimi usinisalimu. Uliza tu wajina wako yuko wapi, nitampa.

Mtoto wako, na mama yako,
Wanja