Maji Yaliyobaki Mashineni

Shemeji yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kukutabiria mvua. Mwili wangu haujambo. Ila neno salama sithubutu kuliandika leo.

Dada yako amelazwa, leo siku ya tisa. Ilianza homa, kikohozi, kisha pumzi ikawa ya kuvuta kwa taabu. Daktari anasema ni nimonia ya bakteria wanaozaliana majini. Mtu huwavuta pamoja na ukungu wa maji hewani. Anapumua kwa oksijeni, ingawa homa imepungua. Jana aliniuliza nimeunguza sufuria zake ngapi. Nikasema mbili tu. Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi.

Wapimaji wamekuja kukagua tangi la jengo letu. Msimamizi wa jengo, yule anayetupandishia mizigo ngazi zote nne, amesimamishwa kazi kwa kushukiwa kuwa hakulisafisha. Alinikuta ngazini akaniapia, akiniita mzee wangu, kwamba alilisugua kwa mikono yake mwenyewe. Nikampa pole, nikapita.

Sasa shemeji, kaa kitako. Chumbani tuna mashine ndogo ya kutia unyevu hewani, maana kipasha joto humkausha dada yako kifua. Maelekezo yake yanataka maji yamwagwe kila siku, chombo kioshwe na kukaushwa. Niliyasoma, tena kwa miwani. Lakini ile miaka ya kambi ya wakimbizi, tulipopanga foleni tangu alfajiri kwa dumu moja, iliufunza mkono wangu kutomwaga maji. Nikawa naongezea juu ya yaliyobaki, wiki sita nzima. Dada yako alilalamika kuwa chumba kinanuka tope. Nikamtania kuwa pua yake imezeeka kabla ya mwenyewe.

Daktari aliponiuliza kama tuna mashine ya namna hiyo, nilisema hatuna. Sikusahau, shemeji. Niliona aibu.

Asubuhi hii nimeifunga ile mashine kwenye mfuko wa plastiki bila kuiosha, wapimaji wakayapime maji yake. Nitaanza kwa daktari, kisha nibishe hodi kwa msimamizi. Dada yako nitamwambia akishapata pumzi za kunigombeza. Wewe uliyenikabidhi mkono wake ulistahili kulisikia jambo hili kwangu, si kwa watu. Ukininunia, una haki. Ila yeye mpigie simu. Sauti yako humtuliza.

Wape salamu wajukuu, mmoja mmoja.

Ni mimi, mume wa dada yako, ikiwa bado utaniita hivyo.