Mwavuli Unapovua Ngozi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mshono umekauka, na kwamba unatembea hadi mlangoni kama daktari alivyoagiza, si kulala kutwa na kumwambia jirani kwamba umetembea. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio una homa. Nimekasirika, Mama. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza, nami nikikatizwa hulia, na nikilia unadhani nimekubali.

Uliniomba nibebe lawama. Ulisema mkubwa ni jalala, mdogo wangu ana mke na watoto, mimi sina wa kumlisha ila samaki, na kwamba ndugu wa tumbo moja hawakosani kwa ajili ya ua la baharini. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Kwanza si ua, ni mnyama. Ni tumbawe laini. Binamu zake wagumu hujijengea nyumba za mawe. Yeye aliachana nao zamani mno, kabla dunia haijamwona hata mjusi, na hakujenga. Ana nyama tu, yenye vijiti vidogo vya chokaa ndani, ukiikata kwa kisu inakwaruza kama mboga isiyooshwa vizuri. Juu yake kuna vimdomo mamia, na kila kimdomo kina mikono minane, haizidi haipungui. Huyu wetu tulimwita Mwavuli kwa umbo lake. Niliupokea ukiwa kama kidole gumba, nikaulea mpaka ukawa mpana kama sinia. Wageni wakiingia kwenye jumba letu la kuonyesha samaki, huuliza kwanza uko wapi.

Nilipokuja kukuuguza, nilimwachia mdogo wangu chumba changu cha matangi. Kumbuka ni mimi niliyemwombea kazi ya ufundi wa pampu pale, akiwa ameshafukuzwa kwingine. Nilimweleza taratibu kwamba kuna wakati Mwavuli hujifunga, hunywea, huwa wa kijivu na kutoa utando kama nta. Hapo haujafa, unavua ngozi, pamoja na uchafu wote ulioganda juu yake, kisha unafunguka upya. Nilimwambia akiuona hivyo aongeze mkondo wa maji na mikono aiweke mfukoni. Aliitikia sawa, sawa, huku anatazama simu.

Basi ukajifunga, naye akaona umekufa. Akaogopa utatia maji sumu, maana mnyama huyu hana jiwe la kujikinga, silaha yake ni sumu, na tumbawe jirani likimsogelea sana hunyauka. Hilo alilikumbuka! Kunipigia hakukumbuka. Kwenye pipa mfagiaji angeuona, kwa hiyo akautia kwenye tundu la maji machafu. Haukupita. Akaukatakata kwa kisu mpaka ukapita.

Hapo ningemsamehe, Mama. Kuogopa ni kwa kila mtu. Lakini meneja alipouliza, alisema niliuacha umeshakufa, nikafunga mlango nikaondoka. Meneja akanisimamisha kazi kwa simu, nikiwa nimekushikia beseni utapike. Ulinisikia nikisema ndiyo meneja, ndiyo meneja, ukageukia ukutani. Ulikuwa unajua, kama ulivyokiri mwenyewe uliponiomba nibebe lawama. Mdogo wangu alikuwa ameshakupigia na kukuungamia kila kitu, nawe ukanywa uji wangu bila kusema neno. Hilo linaniuma kuliko Mwavuli.

Nilirudi kuchukua viatu vyangu vya mpira tu. Nikainama chini ya pampu, kwenye tangi la chini ambamo maji hupita kabla ya kurudi juu. Tundu lile la maji machafu huishia humo, si nje; fundi wa pampu hajui bomba lake linaishia wapi! Na kwa uvivu wake, taa ya humo huiacha ikiwaka mchana kutwa, nao mwanga ndio chakula cha Mwavuli. Vipande vya Mwavuli vilikuwa vimeshika kwenye kokoto, vimefunguka, kila kimdomo na mikono yake minane.

Ukilikata tumbawe hili likiwa hai, kila kipande hushika jiwe na kuwa kizima. Likishakufa huoza na kuyeyuka, haliachi hata mfupa. Nilimwita meneja. Hakuhitaji kuelezwa kwamba ulikatwa ukiwa hai, hata sisi tunayazidisha kwa kuyakata. Mdogo wangu alipoitwa, alisema labda ni matumbawe mengine. Mengine, Mama!

Sasa sikia ambalo sijakuambia. Meneja alinirudisha kazini, kisha akaniuliza kama namtaka mdogo wangu abaki. Alisema neno moja kutoka kwangu lingetosha kumwokoa. Nilifungua mdomo kwa mazoea, kama nilivyoufungua tangu utotoni kusema ni mimi niliyevunja, ni mimi niliyemwaga. Nikaufunga. Nikamwambia sina la kusema. Jana mdogo wangu alikabidhi funguo za kazi.

Watoto wake ni wangu, hawatalala njaa nikiwa hai. Yeye simbebi tena, na jalala limejaa.

Usinipigie kuniomba. Kunywa dawa, utembee kweli. Nisalimie jirani, mwambie asikubali kudanganywa. Vipande vinakua vizuri.

Mdogo wangu anakuja kwako na begi lake, na barua hii ataibeba yeye. Ataipokea bila kuuliza, amezoea kwamba nikikuandikia huwa namtetea. Akitaka kujua nimesemaje, msomee kwa sauti.

Ni mimi mwanao wa kwanza, ninayekupenda na bado nimekasirika.