Vitone kwenye Uso wa Mchumba

Bi Mashavu, shikamoo, nnakuomba msaada kabla sijafunga studio yangu hapa Mlandege. Mwezi uliopita jirani yangu Bi Sichana alimleta binti yake Khawla nimpige picha ya kupelekwa Maskati kwa wazee wa mchumba, ambao hawajapata kumwona, akaniambia, "Talal, nifutie tu hicho kichunusi," na mimi wiki ile nshajifunza kwenye kompyuta namna ya kuigeuza picha ikawa kama katuni ya gazetini, mistari minene myeusi, midomo myekundu, uso umejaa vitone, basi mikono ikaniwasha, nikafuta kichunusi kimoja nikatia vitone elfu mbili, Khawla alipoiona alicheka mpaka akakaa chini, akaitia bahasha mwenyewe na kuifunga kwa gundi, mamake akaipeleka posta bila ya kuitazama, na baada ya wiki mbili ikaja simu: "Mtoto apone kwanza hiyo surua, ndipo tuzungumze harusi." Bi Sichana akanijia mbio, "Umemfanya nini mwanangu?" nami kwa hofu nikasema, "Si mimi, kompyuta imeingia virusi," na kufika alasiri mtaa mzima unajua kuwa kwangu ukipigwa picha unapata virusi, watu wa picha za pasipoti wanakwenda studio za mtaa wa Amani, hata mamangu akiniletea chakula anakiacha kizingitini. Nifanye nini?

Talal, Mlandege

Marahaba, Talal. Nimecheka, kisha nimekasirika. Uliombwa ung'oe jani moja, ukapanda shamba zima! Ufundi mpya haujaribiwi juu ya uso wa mtoto wa watu. Na uongo wako ni mbaya zaidi: vitone vinafutika, doa kwenye jina la msichana halifutiki.

Leo hii chapisha picha ya asili, mchukue mama yako, mwende kwa Bi Sichana. Sema: "Kompyuta ni nzima, mgonjwa ni mimi." Akikutukana, inama, umestahiki. Kisha zunguka baraza zote, useme hayo hayo.

Lakini kuna jambo hukuliona. Msichana kaitazama picha ile, kacheka, kaifunga kwa mkono wake. Anayeitaka harusi hafanyi hivyo, mwanangu. Kabla simu ya Maskati haijapigwa, mama yake amuulize kama anamtaka huyo bwana. Akisema hapana, picha nzuri isende popote.

Na wewe usikimbilie kujifukiza udi. Kumkataa wa Maskati si kukutaka wewe.