Choo cha Baba Mkwe

Gesima, Jumanne, 14 Mei 1996

Na shoka lenyewe ni lile ninalopasulia kuni kila asubuhi.

Mradi wa afya ulitupa saruji ya choo kimoja. Nilimwambia yule bwana wa mradi kwamba huku kwetu mkamwana haingii choo cha baba mkwe, ni chinsoni, ndiyo heshima yetu. Akacheka. "Mama, boma moja, choo kimoja." Mimi nikaendelea kujisaidia migombani.

Leo tumbo limenikata tangu alfajiri. Mara ya saba sikuweza kufika migombani. Niliingia choo cha mzee, nikatia komeo.

Aliniona. Alipiga mlango kwa shoka hadi vipande vya mbao vikanirukia usoni, nami nimechuchumaa. Pigo la tatu lilipita karibu na sikio langu. Nikapiga mayowe. Mume wangu alikuwa amesimama hapo nje, anasema, "Baba, pole. Baba, tulia."

Kisha akanigeukia mimi. "Omba msamaha."

Nikatoka, nikalishika shoka. Mzee akavuta. Nikamuuma mkono mpaka akaliachilia. Ndiyo, nilimuuma baba mkwe. Damu yake bado naisikia mdomoni.

Halafu nikaumaliza ule mlango mwenyewe, ubao kwa ubao, hadi mikono ikafa ganzi.

Kesho naanza kuchimba choo changu. Mume wangu ameuliza shoka liko wapi. Liko chini ya kitanda, upande wangu.