Tabia ya Nchi

Jumatano, Ifakara

Lile jibu bado linanisumbua. Leo kule Malinyi nilimuuliza Mama Keneth, mkulima wa mpunga, swali la kwanza la dodoso langu la uzamili: ameona mabadiliko gani ya tabianchi?

"Tabia ya nchi imeharibika, mwanangu," akasema. "Zamani mto ukifurika, jirani alikuja kukuamsha. Mwaka huu tumeamshwa na maji kitandani."

Mimi nauliza hali ya hewa, yeye ananijibu tabia za watu. Nikaandika: hakuelewa swali.

Na tasnifu yangu inahusu nini? Jinsi watu wa bondeni wanavyojiokoa na mafuriko.

Kesho narudi kwake, na sijui nitaanzia wapi. Ile sentensi yangu, "hakuelewa swali", nimeikata kwa kalamu mara tatu. Bado inasomeka.