Majina Uliyoyazima

Theonest, rafiki yangu,

Migomba yako ya upande wa barabara imeelemewa na mikungu, na hakuna aliyeiwekea miti ya kuegemea. Nimeipita leo nikitoka nyumbani kwako. Nimeona nikuandikie sasa, kabla hasira haijapoa, maana sijui ikipoa itabaki nini.

Nilikuwa sebuleni mwako. Ndiyo, mimi. Tangu ile Jumapili sikuwa nimekikalia tena kiti cha kando ya dirisha. Hata siku ya kukuzika nilibaki uani.

Adventina wako amerudi likizo kutoka Kayanga anakofundisha. Ameikuta tamthilia yetu ya zamani kwenye simu. Mtu ameipandisha yote mtandaoni, sehemu baada ya sehemu. Akaniita: "Shikamoo, baba mkubwa. Njoo tuangalie ile ya baba." Nimekwenda alasiri tatu.

Imezeeka, Theonest. Kuta za nyumba ya tajiri zinatikisika mlango ukifungwa. Kochi la tajiri ndilo kochi la mwalimu, wamelibadilishia vitambaa tu. Wale waigizaji wakuu tuliowapenda wanapaza sauti kama watu wa mnadani. Lakini wageni, wale waliokuja sehemu moja na kupotea, bado wako hai kabisa. Yule mama aliyemfuata binti yake mjini, akakataa kukaa, akabaki kuushika mkoba wake kwa mikono miwili. Ulisema mwigizaji mkuu ana wiki nyingi za kujieleza ila mgeni ana nusu saa, kwa hiyo hapotezi hata kikohozi.

Ndiyo maana kila alipotokea mgeni uliweka kikapu cha kahawa ya kutafuna mbele ya TV, kama inavyowekwa hapa kwa yeyote anayeingia mlangoni. Watoto walicheka. Wewe hukucheka. "Amekuja kwangu," ulisema, "atatafuna." Kisha ulikisogeza kwangu: "Na huyu pia, mgeni wangu aliyesahau kurudi kwao." Mtu mwingine angelisema hilo ningeinuka. Kwako nilitafuna.

Unaijua Jumapili ninayoisema. Mzee mwenye kofia mkononi alibisha mlango wa tajiri akaomba pa kulala. "Nimetoka mbali," alisema, "nipeni maji tu." Ilikuwa sura ya baba yangu. Lile paji la uso, na ile namna ya kutazama chini kabla ya kucheka. Nilisimama. Ulisema niketi, naziba picha. Nikakuambia ni Gaspari.

Wewe peke yako ulijua habari ya Gaspari. Tulipoikimbia nchi yetu na kufika mto wa mpakani, baba alinipa kamba ya mbuzi na mkono wa mdogo wangu. Watu walisukumana. Nilifika ng'ambo na mbuzi tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nimekuwa nayo hadi leo.

Nilingoja majina ya mwisho. Na wewe, kama kawaida yako, muziki ulipoanza tu ukazima. Kila mwenye TV ya betri hapa alifanya hivyo. Nani angemaliza moto wa betri kwa kusoma majina? Lakini siku ile nilikuomba uiwashe, ukasema betri imekwisha. Nikauliza habari ya marudio ya Jumatano. Ukasema Jumatano betri itakuwa Nkwenda inachajiwa. Nikakuambia mbele ya watoto wako: "Umenizimia ndugu yangu kwa ajili ya betri." Uliokota kikapu chako.

Baada ya hapo tuliamkiana kanisani, tulipeana mbegu za maharage, tulizikiana watu. Lakini miaka yote hiyo sikuingia ndani. Niliandika barua mbili kwa wenye kituo cha TV, sikujibiwa. Nikaishi na ndugu aliye hai mahali fulani, mwigizaji, mwenye kofia nzuri. Nilimzeesha pamoja nami. Usiku wa Noeli nilimpangia hata wajukuu.

Leo tumeifikia sehemu ile. Adventina alitaka kuiruka, nikamzuia. Majina yakapanda polepole, hakuna wa kuyazima. Mzee aliyeomba maji: jina la mtu wa pwani, yeye na baba yake. Wakimbizi hubadili majina, nami nilibadili langu, kwa hiyo nilijishikiza hapo kidogo. Adventina akatafuta tena, akapata mazungumzo ya zamani ya mtu yule. Alizaliwa Tanga. Alimtaja mama yake, na shule aliyosoma. Naye ameshafariki.

Nikamwuliza mwanao mbona hashangai. Akaangalia sakafu.

"Baba aliyaona majina ile Jumatano. Betri haikwenda Nkwenda. Nilikuwapo. Alisema, heri anilaumu mimi kuliko amzike ndugu yake mara ya pili."

Hukuwa na haki, Theonest. Nasema hivyo na nitakuja kukuambia tena kaburini kwako. Ulininyima kulia nikiwa bado na nguvu za kulia. Halafu najiuliza ni nani mwingine angekubali kuitwa bahili wa betri mpaka kufa kwake, akinipisha kwenye benchi la kanisa kila Jumapili, jibu likiwa mdomoni mwake. Nilipoteza mkono wa Gaspari kwa sababu ya mbuzi. Wako niliuachia mwenyewe.

Nisamehe. Mimi nimeanza kukusamehe, nitafika.

Kikapu kipo kwangu, Adventina amenipa. Kesho nitakwenda na panga kukata miti ya kuegemeza migomba yako, maana hilo sihitaji kulifikiria. Na Jumapili nimeandikisha misa ya marehemu wawili, Theonest na Gaspari. Jina la Gaspari sikuwahi kuliandikisha maishani. Padre husoma majina mwishoni, wakati watu wameshaanza kuinuka na kutafuta viatu vya watoto. Nakuahidi nitaketi pale kwenye benchi letu mpaka lisomwe la mwisho.

Pumzika, ndugu yangu.

Mgeni wako